Kupiga picha za kina kwa tiara juu ya Kaole

Picha inayoinuka machoni hutokana na picha mbili za kitu kilekile, zilizopigwa kutoka sehemu mbili zinazopishana kidogo. Angani, roketi ya kuchezea haitoi jozi hiyo: Camroc, kamera ya roketi iliyouzwa na Estes ya Marekani tangu 1965, ilipiga picha moja tu kila iliporushwa. Droni nayo inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania. Mimi natumia tiara, kama mpiga picha Arthur Batut kule Ufaransa mwaka 1888, na ninachopiga ni magofu ya Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo: misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe.

Anza kwa kuomba ruhusa kwa watunzaji. Kisha ngoja kusi iliyotulia. Tiara iwe na upana wa mita moja na nusu hivi, uiache iruke tupu hadi ikae sawa. Kamera ndogo ifunge kwenye uzi, mita kama 15 chini ya tiara; kwenye tiara yenyewe inatikiswa mno. Itundike kwa vijiti viwili vilivyofungwa msalaba, kamba ikipita kwenye pete za ncha zote nne, ili uzi mkuu ukiinama kamera iendelee kutazama chini. Iweke ijipige kila baada ya sekunde mbili.

Sasa umbali kati ya picha mbili. Kanuni ya wenye fani hii ni moja kwa thelathini: kamera ikiwa juu mita 30, isogee mita moja. Kaole kanuni hiyo inatoa picha bapa, kwa sababu kuta ni fupi na nyuma yake kuna ardhi tu. Mimi nasogea mita tatu, hata nne. Hapo ndipo nguzo za makaburi husimama. Tembea ukikata upepo, polepole, uzi umekaza. Ukiufuata upepo au kuupinga, kamera hushuka au kupanda na picha hazilingani ukubwa. Na mbuyu wa hapo uupishe mbali, hauna desturi ya kurudisha tiara.

Maliza upesi, vivuli visihame. Mashua na mawimbi yaache. Hayo husogea, yanataka kamera mbili zinazofyatuka pamoja.

Nyumbani, jozi nzuri naifungua kwa StereoPhoto Maker, programu ya bure inayozilinganisha picha mbili na kutoa picha ya kutazamwa kwa miwani ya nyekundu na samawati. Ukiona kaburi limekuwa shimo na msikiti umezama, picha ya kulia imekwenda jicho la kushoto. Zibadilishe pande.