Jinsia na Kitenzi: Kumsoma Parvana kwa Kiswahili

Riwaya ya watoto ya Deborah Ellis, The Breadwinner (2000), inamhusu Parvana, msichana wa miaka 11 aishiye Kabul wakati wa utawala wa kwanza wa Taliban (1996–2001). Wasichana wamekatazwa shule, na mwanamke hatoki nje bila maharimu wa kumsindikiza. Baba anapokamatwa, nyumba hukosa mtu wa kwenda sokoni. Parvana anakatwa nywele, anavishwa nguo za marehemu kaka yake na kuitwa Kaseem. Makala hii inakusudia kuchunguza jambo moja tu: hadithi hii hupatwa na nini inapohamishiwa katika Kiswahili.

Kiingereza hutofautisha mume na mke katika viwakilishi vya nafsi ya tatu. Kwa hiyo msimulizi humtaja Parvana kwa kiwakilishi cha kike hata pale ambapo soko zima linamwona mvulana. Kiambishi chetu a- hakijui tofauti hiyo: Parvana anasoma barua za wateja, Kaseem anasoma barua za wateja. Msomaji wa Kiswahili, baada ya kurasa chache, huanza kuwaelewa waliodanganyika. (Kidari, kisemwacho na wengi mjini Kabul, nacho kina kiwakilishi kimoja tu.)

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba lugha yetu haina sheria zake za jinsia. Nooria, dada mkubwa wa Parvana, anakubali ndoa huko Mazar-e-Sharif kwa kuwa huko anatarajia kusoma chuo kikuu. Sababu hiyo haijachakaa: tangu Desemba 2022 wanawake wa Afghanistan wamezuiwa vyuo vikuu vyote. Uamuzi ni wake Nooria. Lakini katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kauli ya kutendwa humnyang'anya utendaji aliopewa na mwandishi.

Katika semina moja mwanafunzi alipendekeza "Nooria anaoa." Darasa zima lilicheka, na kicheko kile kilifundisha zaidi ya mhadhara wangu. Wengine walitaka "kuoana". Kauli ya kutendana hulainisha mno. Humficha mtoto kile hasa ambacho hadithi inakipinga. Sisi tunapendelea "Nooria amekubali kuolewa": kitenzi cha kwanza ni chake mwenyewe, na cha pili kinabaki na dhuluma yake, wazi mbele ya msomaji.