Kulipwa kwa Kusifu Bidhaa Mitandaoni: Halali Yake na Haramu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Somo letu la mwaka huu katika mlango wa biashara limetokana na swali aliloniletea binti mmoja aliyepata kusoma hapa chuoni, akiwa amefuatana na mama yake. Binti huyu ana ukurasa mtandaoni wa mapishi ya kwetu Mombasa: mahamri, mbaazi za nazi, pilau, viazi karai. Wanaomfuata wamepita elfu arubaini. Kampuni moja ya viungo vya pakiti ilimtaka arekodi video tatu kwa malipo ya shilingi 20,000, kwa masharti mawili. Kwanza, aseme kwamba bizari ile ya pakiti ndiyo anayotumia mama yake siku zote. Pili, asitaje popote kwamba amelipwa.

Mama mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, na mtaa mzima unajua kwamba bizari yake huitwanga kwa mkono wake. Lakini pia mdogo wake binti alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Binti akaniuliza, "Ustadh, kuna dhambi hapa?" Mama akadakia, "Si maneno ya biashara tu haya, Ustadh? Nani haongezi chumvi akiuza?"

Kazi yenyewe ilivyo

Wanavyuoni wetu wanatufundisha kwamba huwezi kukihukumu kitu kabla ya kukielewa. Basi tuanze hapo.

Mwenye ukurasa, awe mwandishi wa blogu au mtu wa video za Instagram na TikTok, hupata pesa kwa njia kadhaa, na watu huzichanganya. Kuna matangazo yanayowekwa na mtandao wenyewe, kama afanyavyo YouTube: kampuni humlipa mwenye mtandao, naye humgawia mwenye video sehemu. Pale mwenye video hajasema neno lolote juu ya bidhaa. Njia hiyo ina mas'ala yake, tuiache kwa leo.

Tunayoitaka ni ile ambayo kampuni humwendea mtu mwenyewe, ikamlipa aisifu bidhaa kwa ulimi wake. Malipo huweza kuwa bei ya kukatana kwa kila video. Huweza kuwa kamisheni: mtu hupewa neno maalumu la punguzo, na kila mnunuzi anayelitumia neno hilo, mwenye ukurasa hupata fungu lake. Huweza kuwa bidhaa za bure, kama nguo, simu, au kulala hotelini siku mbili. Au mtu hufanywa balozi wa kampuni kwa mwaka mzima, na mkataba wa namna hiyo mara nyingi humkataza kuwatangaza washindani. Katikati aghlabu huwapo wakala, naye hukata chake.

Wengi hudhani kampuni hutazama wingi wa wafuasi tu. Sivyo. Hutazama pia ni wangapi wanaojibu, wanaouliza bei, wanaomtumia mwenzao ile video. Mtu mwenye wafuasi 5,000 wanaomjua na kumwamini huweza kuuza zaidi kuliko mwenye laki moja wanaompitia tu. Kwa hivyo kitu kinachonunuliwa hapa ni imani ya watu. Bango la barabarani kila mtu anajua kwamba limelipiwa, lakini binti yetu anapoonja mchuzi akatabasamu, mtazamaji humsikiliza kama anavyomsikiliza jirani yake wa mlango wa pili.

Asili yake katika sheria

Kulipwa kwa kuitafutia bidhaa ya mtu mnunuzi si jambo geni. Ni kazi ya dalali, na Waarabu humwita simsar. Sahaba Qays bin Abi Gharaza (R.A.) amesimulia, kama ilivyopokewa na Abu Daud, kwamba wao sokoni walikuwa wakiitwa masimsari, Mtume (S.A.W.) akawapitia akawaita kwa jina zuri zaidi, wafanya biashara, kisha akawatanabahisha kwamba kuuza huhudhuriwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi wachanganye biashara yao na sadaka. Hakuwakataza kazi yao. Na katika Surat Yusuf, aya ya 72, tunasoma juu ya ahadi ya shehena ya ngamia kwa atakayelileta kombe la mfalme. Aya hiyo ni miongoni mwa dalili za fuqahaa katika mlango wa juala, yaani ujira unaoahidiwa kwa atakayeleta matokeo. Kamisheni ya neno la punguzo inakaribiana na huko, nayo iandikwe wazi ni kiasi gani na hulipwa lini, kwani wanavyuoni wengi walisisitiza kwamba ujira ujulikane.

Basi asili yake ni halali. Lakini asili ikiwa halali, yako mambo yanayoweza kuiharibu.

La kwanza ni bidhaa yenyewe. Katika hadithi ya Jabir (R.A.) aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mla riba na mwenye kuitoa, na pamoja nao mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Mwandishi yule riba haikuingia mfukoni mwake, kazi yake ilikuwa kalamu tu. Kijana anayetangaza mikopo ya riba ya kwenye simu, au michezo ya kamari, ajipime kwa hadithi hii kabla ya kusema kwamba yeye hachezi wala hakopeshi. Kamari imekatazwa katika Surat Al-Maida, aya ya 90 na 91, na hata serikali ya Kenya mwaka 2025 ilitoa miongozo ya kuzuia watu mashuhuri wasitumike kuitangaza. Na dada zetu wanaoletewa krimu za kung'arisha ngozi wajue kwamba baadhi yake zimekutwa na zebaki, nayo huharibu figo.

La pili ni kushuhudia usichokijua. Surat Al-Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilolijua, na inatuambia kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mfano wa jambo hili ulitokea Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2016 wanamitindo na watu mashuhuri waliweka kwenye kurasa zao tangazo la tamasha la anasa lililoitwa Fyre, la kufanyika kisiwani Bahamas. Watu wakanunua tiketi. Walipofika Aprili 2017 walikuta mahema na uhaba wa chakula, na tamasha halikufanyika. Aliyeliandaa alihukumiwa mwaka 2018 kifungo cha miaka sita kwa udanganyifu. Tamasha walilolisifu hakuna aliyekuwa ameliona, kwani lilikuwa halijakuwapo.

Maji chini ya rundo

La tatu ndilo lililomleta binti yetu, na watu wengi hulidharau: kuficha kwamba umelipwa.

Mnaikumbuka hadithi ya Abu Huraira (R.A.) katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikapata maji. Akamuuliza mwenye nafaka ni nini hiki. Akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Zingatieni: mtu yule hakusema uongo wowote. Alinyamaza tu, akapanga rundo lake vizuri.

Malipo yaliyofichwa ndiyo maji yale. Msikilizaji anataka kujua kama maneno haya yametoka kwa jirani au kwa muuzaji, ili ajue ayapime vipi. Fuqahaa katika mlango wa ushahidi wanamkataa shahidi ambaye ushahidi wake unamvutia manufaa yeye mwenyewe, hata akiwa mtu mkweli. Shahidi wa namna hiyo akificha manufaa yake, amemnyima kadhi haki ya kupima.

Wasiokuwa Waislamu nao wamelifikia jambo hili kwa njia ya sheria zao. Marekani, tume ya serikali inayosimamia biashara iliurekebisha mwongozo wake mwaka 2009 ili uwaguse pia wenye blogu wanaolipwa au kupewa bidhaa, ikautazama tena mwaka 2023. Instagram ilianza mwaka 2017 kuweka alama ya kuonyesha kwamba video au picha imelipiwa. Na Oktoba 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 baada ya kushitakiwa kwamba alitangaza sarafu ya kidijitali ya EthereumMax bila kueleza kuwa alilipwa dola 250,000 kwa tangazo hilo.

Wengine husema, "Mimi sikulipwa, nilipewa zawadi tu." Someni hadithi ya Ibn al-Lutbiyya katika Bukhari na Muslim. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi akasema hizi ni zenu na hizi nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) akauliza juu ya mimbari kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama ataletewa zawadi. Yule alikuwa mtumishi wa umma na hali zao si moja, lakini kipimo kinatufaa: kama si ukurasa wako, ungeletewa simu ile? Ikiwa hapana, basi ni malipo, na yasemwe.

Na kununua wafuasi bandia, au kuwapanga marafiki waandike chini ya video kwamba wameitumia bidhaa na ni nzuri, hayo yanafanana na najash aliyoikataza Mtume (S.A.W.), yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichokitaka ili mwengine ahadaike. Anayedanganywa kwanza hapa ni kampuni inayolipa, kisha mnunuzi.

Jambo la kodi nalitaja kwa ufupi kwa sababu vijana husahau. Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliingiza kodi ya asilimia 5 kwa mkazi anayepata malipo ya kazi za mitandaoni, na anayelipa ndiye anayeikata. Katika 20,000 ni 1,000.

Jibu la binti

Nilimwambia binti kwamba ataweza kuitangaza bizari ile kwa njia hii: aipikie kwanza, aseme alichokiona, na mwanzoni mwa video aseme kwamba amelipwa. Habari za mama yake aziache. Akaenda akapika pilau. Akaniambia harufu ni nzuri ila ina chumvi tayari, mpishi apunguze yake, na hilo alikuwa radhi kulisema. Akaandika kwa wakala. Jibu lilikuja jioni ile ile: maneno ni yale yaliyoandikwa, na wako wengine wanaosubiri. Mmoja wao aliichukua kazi, na video yake nimeiona.

Mama yake alinisalimu kwa mkato kwa muda. Ada ilipatikana kwa mahamri ya asubuhi, kidogo kidogo, na mtoto alipoteza wiki mbili za masomo. Siwezi kuwaambia kwamba wiki mbili hizo si kitu.

Baada ya miezi mitatu mwenye duka moja la unga alimpa binti kazi ya video moja kwa shilingi 4,000. Alikubali litajwe neno la malipo, ingawa alishangaa. Sasa anamtaka kwa mwaka mzima, na binti ameniletea mkataba tuusome pamoja. Kuna mstari mmoja unaomzuia kuonekana na unga mwengine wowote, hata katika video ambazo hakulipwa. Nimemwambia asitie sahihi mpaka aulize kama mstari huo unaingia hadi jikoni kwa mama yake. Jibu bado tunalingoja.

Wallahu aalam.