Unauza taa za juu ya gari? Usiuze taa peke yake, uza seti

Wauzaji wenzangu, leo tuongelee taa za LED za kufunga juu ya gari, zile ndefu za kwenye keria. Huku Mwanza zina soko. Wateja ni wenye magari yanayoingia Serengeti kwa geti la Ndabaka, watu wa barabara za vumbi za Geita na Sengerema, na vijana wanaotaka tu gari ipendeze.

Shida ni kwamba wengi tunatuma taa tupu. Mteja anapokea mzigo stendi, fundi anaunganisha kwenye waya za taa kubwa za gari, basi. Baada ya siku chache unaambiwa umeuza feki. Na hapo una bahati, maana gari lingeweza kuungua.

Hesabu yake ni ndogo: wati gawanya kwa volti, unapata ampea. Taa ya wati 120 kwenye volti 12 inavuta ampea 10. Waya na fyuzi za taa kubwa zimepimiwa mzigo wa taa zile tu. Ukiongeza ampea 10 juu yake, fyuzi inakata. Mtu akichoka kubadilisha fyuzi anaziba na kipande cha waya, na moto unaanzia hapo.

Kwa taa moja ya wati 120, volti 12, seti yako iwe na:

1. Fyuzi ya ampea 15 na kishikio chake. Inakaa upande wa chanya, karibu kabisa na betri. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi, ukichubuka ukagusa bodi hakuna cha kukata umeme.

2. Relei ya ampea 30, miguu minne. Namba zimeandikwa kwenye relei: 30 inatoka kwenye fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 86 inatoka kwenye swichi, 85 inaenda bodi. Umeme mkubwa unapita kwenye relei, swichi ya dashibodi inapitisha kidogo tu.

3. Waya wa shaba wa 2.5. Ukiwa mwembamba unapata joto na taa inafifia.

4. Raba ya kupitishia waya kwenye tundu la bati. Bila raba, gari likitikisika kwenye rafu bati linakata ganda la waya.

Sasa kabla hujatuma, muulize mteja:

Gari ni volti 12 au 24? Fuso na malori mengi ni 24. Taa iliyoandikwa 10–30V inakubali zote mbili, ila relei haikubali. Gari la 24 linataka relei ya 24. Na akikwambia ana betri mbili, usikimbilie kusema 24. Zikifungwa chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, bado ni 12. Mwambie apime.

Anafunga taa ngapi? Mbili za wati 120 ni ampea 20. Hapo panda: waya wa 4 na fyuzi ya 25.

Jambo la mwisho, wati za kwenye boksi. Taa nyingi za bei rahisi zimeandikwa wati kubwa kuliko zinazovuta kweli. Pima moja kabla ya kupiga picha ya tangazo. Weka mita kwenye tundu la 10A, ipitishe kwenye njia ya chanya. Ikisoma ampea 4 kwenye volti 12, hiyo ni taa ya wati 48, hata boksi likisema 180. Taa unayohisi itapita ampea 10 usiipime hivi, utaunguza mita. Kisha andika namba uliyopima kwenye tangazo. Mteja wa Bunda hawezi kuja kushika bidhaa dukani, anachonunua ni maneno yako.

Mkumbushe pia azizime akikutana na gari lingine, zinapofusha.

Hifadhi posti hii, mtumie na fundi wako. Kama umekwama kwenye hesabu, andika wati na volti kwenye komenti tupige pamoja.