Hendibreki Inayogoma Kuachia

Swali: Msomaji wa Karatina ana Toyota Corolla ya 1998. Akivuta hendibreki usiku wa mvua, asubuhi gurudumu moja la nyuma halizunguki.

Jibu: Mshukiwa wa kwanza ni kebo. Ganda lake likipasuka, maji huingia, kutu hushika, na springi hushindwa kuirudisha.

Fundi azuie magurudumu ya mbele kwa mawe, ainue nyuma kwa jeki, aweke stendi, kisha ailegeze kebo. Gurudumu likizunguka, kebo ndiyo mbovu. Ibadilishwe, maana grisi huahirisha tu. Likigoma, afungue dramu akague springi na wenzo. Tafadhali, asipulize vumbi: huenda lina asbesto.

Kabla ya matengenezo, gari liegeshwe tambarare, kwenye gia, na jiwe gurudumuni.