Likizo ya Desemba: Watoto Wacheze Wapi?

Mwezi wa Desemba shule hufungwa. Sisi wazazi tunashinda shambani. Mvua ikinyesha, madimbwi hujaa. Mtoto mdogo asiye na la kufanya hukimbilia huko. Tukumbuke, mtoto huweza kuzama hata katika maji yasiyofika magotini.

Basi tuwape michezo ya mikono karibu na nyumba, na mtu mzima awaangalie.

1. Udongo wa mfinyanzi. Wafinyange ng'ombe, vyungu na watu. Waanike kivulini, visipasuke.

2. Mpira. Wakusanye matambara, wayafunge kwa kamba za mgomba.

3. Bao. Wakubwa wachimbe mistari 4 ya mashimo 8, jumla mashimo 32. Waokote kete 64. Hapo watajifunza kuhesabu. Wadogo wasipewe kete, maana watazitia mdomoni zikawakaba.

Usimfanyie mtoto kazi yake. Mwulize tu, "Ng'ombe wako huyu anakwenda wapi?" Utasikia hadithi!

Maswali
1. Kwa nini vinyago vya udongo vianikwe kivulini?
2. Bao lina mashimo mangapi?
3. Kwenu, mkienda shamba, nani atabaki na watoto?