Kwaya ya Muungano na Misa ya Kiluba

Katika kwaya zilizopata sifa nje ya nchi ya Kenya, mojawapo ni Muungano National Choir ya Nairobi. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Bwana Boniface Mganga, aliyekuwa kiongozi wake, na ambaye baadaye alichaguliwa kuwa Mbunge wa Voi. Waimbaji, wanaume kwa wanawake, walitoka katika makabila mbalimbali, na ndiyo maana ya jina lake. Ili kuielewa santuri yake ya mwaka 1990, yafaa kwanza kujua jinsi kwaya za Afrika ya Mashariki zilivyofundishwa kusoma wimbo.

Wamisionari walileta namna ya kuandika nyimbo kwa herufi, yaani d, r, m, f, s, l, t, iliyoenezwa Uingereza na mchungaji John Curwen katika karne ya 19. Haihitaji kinanda, ubao na chaki vyatosha. Hata leo apitaye Ngong Road jioni, upande wa Adams Arcade, aweza kuwasikia wanakwaya wa kanisa wakizitamka herufi hizo kabla ya kuyaimba maneno. Lakini namna hiyo ina upungufu wake. Yaonyesha vizuri kupanda na kushuka kwa sauti. Bali ngoma mbili zinazokwenda pamoja, moja ikipiga mawili na nyingine matatu, huandikika kwa taabu. Tena katika lugha kama Kikuyu au Kiluba, ambamo sauti ya juu au ya chini hubadili maana ya neno, tuni ya kigeni yaweza kuliharibu neno lenyewe. (Waswahili waliepukana na shida hiyo, kwa kuwa lugha yao haina jambo hilo.)

Mnamo mwaka 1953 Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kamina katika Kongo ya Wabelgiji. Huko aliunda kikundi cha wavulana wa shule na waalimu wao, kilichoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Hawakuimba kwa kusoma noti. Walipatana nani aanze na wengine waitikie wapi, na mengi yaliyobaki waliyabuni papo hapo. Maneno ni yale ya Kilatini ya Misa, lakini Kyrie yafuata kasala, uimbaji wa Waluba wa kuomboleza, na Hosanna yafuata ngoma ya Kasai. Missa Luba, ndilo jina lake, iliimbwa Kamina mwaka 1958, na mwaka huo huo kikundi kikasafiri Ulaya. Sauti ya kuongoza ilikuwa ya mwalimu Joachim Ngoi. Kampuni ya Philips iliitia katika santuri, na mwaka 1968 Sanctus ilisikika katika filamu ya Kiingereza iitwayo if....

Hapo pana jambo la kufikiriwa. Yaliyobuniwa siku moja yalinaswa, kisha yakaandikwa katika noti, na kwaya za nchi nyingine zikayasoma kama kisomwavyo kitabu. Mwimbaji aifuataye noti hiyo barabara huiga pumzi ya mtu mwingine, aliyeimba vile mara ile tu. Na jina lijulikanalo ni la Padre Haazen. Wavulana wa Kamina hawatajwi mmoja mmoja.

Kwaya ya Muungano ilipoiimba misa hiyo kwa santuri ya Philips mwaka 1990, haikuwa na njia rahisi. Wakenya hao hawakuwa Waluba. Kasala kwao ilikuwa ngeni karibu sawa na Kilatini. Tena sauti za wanawake zilishika mahali pa wavulana, hivyo wimbo ukawa mzito zaidi. Wako waupendao wepesi wa mwaka 1958, wala hawakosei, ingawa uzito huo waifaa Kyrie.

Katika sahani hiyo hiyo kwaya iliongeza nyimbo za asili za Kenya. Ajifunzaye uimbaji na asikilize kwanza namna kiongozi anavyoingia katika nyimbo hizo, kisha airudie Kyrie.