Chujio la Rangi Katika Picha Isiyo na Rangi

Pengine utajiuliza, mwanachama wa Chama cha Kiswahili anatafuta nini katika mambo ya kamera? Jibu ni kwamba jarida hili unalolishika huchapwa kwa wino mweusi peke yake, na picha zake zote ni za nyeusi na nyeupe. Tena kamera ya chama ni ile ya zamani ya kutia filamu, na mwaka huu kazi ya kupiga picha imeniangukia mimi. Haya nimeyaandika ili yamfae yeyote atakayerithi kamera hiyo nikishaingia kidato cha nne.

Tuanze na bendera yetu ya taifa. Juu ni nyeusi, katikati nyekundu, chini kijani, na baina yake mna mistari myeupe. Hata mtoto wa chekechea atakutajia rangi hizo. Sasa ipige picha kwa filamu ya nyeusi na nyeupe bila kuweka kitu chochote mbele ya lenzi. Nyeusi itatoka nyeusi na nyeupe itatoka nyeupe, hapo hakuna ubishi. Lakini ile nyekundu na ile kijani! Aghalabu zote mbili hutoka kijivu, na kijivu chenyewe ni kimoja au karibu kimoja. Kumbe macho yetu huzitenganisha kwa rangi zao, kwa maana mwangaza wao haupishani sana. Ukiondoa rangi, tofauti nayo imekwenda.

Filamu huona nini?

Filamu haijui rangi. Inachojua ni kiasi cha mwanga kilichoigonga. Palipogongwa na mwanga mwingi huwa peusi kwenye negativu, na picha ikichapwa pale pale huwa peupe. Lakini haipokei mwanga wa kila rangi kwa usawa. Zile za mwanzo ziliona samawati, zambarau na miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni kabisa. Kijani waliiona kwa shida, na nyekundu kwao ilikuwa giza. Mnamo mwaka wa 1873 Mjerumani mmoja, Hermann Wilhelm Vogel, aligundua kwamba ukiichanganya ile dawa ya picha na rangi fulani za kutilia nguo, dawa huanza kuona zaidi ya samawati. Baadaye, mwaka wa 1906, kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza ikaanza kuuza vioo vya picha vinavyoona rangi zote, hata nyekundu. Filamu nyingi tunazotumia leo ni za ukoo huo.

Hata hivyo ile tabia ya kupenda samawati haijaisha. Ndiyo maana unatazama anga ya samawati yenye mawingu mazuri, unapiga picha, na ikirudi kutoka studio huoni anga wala mawingu, ni weupe mtupu kama karatasi ambayo haijaandikwa. (Karatasi ya kuchapia picha mpaka leo haioni nyekundu, na ndiyo maana kwenye chumba cha giza huwashwa taa nyekundu. Lakini usije ukaiwasha taa hiyo unaposafisha filamu. Filamu inaiona, na picha zote zitaungua.)

Kazi ya chujio

Chujio la chai hupitisha chai na kuzuia majani. Chujio la rangi nalo ni kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, nacho hupitisha mwanga wa rangi yake na kumeza mwanga wa rangi nyingine. Kutokana na hayo tunapata kanuni ambayo ningependa uikariri kama unavyokariri ngeli: katika picha, kitu chenye rangi ya chujio hutoka cheupe zaidi, na kitu chenye rangi pinzani hutoka cheusi zaidi. Mpinzani wa manjano ni samawati. Nyekundu humpinga kijani na samawati wote wawili.

Hebu turudi kwenye bendera. Ukiweka chujio jekundu, utepe mwekundu utang'aa hadi ukaribie weupe, na mistari myeupe inayoupakana itaanza kupotea. Kijani nayo itazama na kukaribia weusi. Ukiweka la kijani iliyokolea, mambo yatageuka: kijani itapanda, nyekundu itashuka iungane na nyeusi ya juu, na bendera itaonekana kama ina utepe mweusi mpana. Mimi ningechagua la kijani hafifu. Hilo huiacha nyekundu iwe kijivu cha giza na kijani iwe kijivu cheupe, na rangi zote nne za bendera zikapata nafasi yake.

Kama huna kamera usisikitike. Tafuta ile karatasi nyekundu inayopitisha mwanga, kama ya kufungia peremende. Iweke mbele ya jicho moja, funga la pili, kisha uende sokoni ukatazame nyanya zilizopangwa kando ya sukuma wiki. Nyanya zitang'aa kama taa, na sukuma wiki itakuwa nyeusi. Usilitazame jua kwa karatasi hiyo, macho hayana dukani. Kuifunga mbele ya lenzi pia inawezekana, ila mikunjo yake huifanya picha iwe na utusitusi.

Mawingu

Wapiga picha wengi hununua machujio kwa ajili ya anga. La manjano huirudisha anga takriban kama macho yalivyoiona. La rangi ya machungwa huitia giza kidogo na kuyafanya mawingu yasimame. Jekundu huifanya anga ya samawati iwe karibu nyeusi, mithili ya dhoruba inayokuja, hata kama siku hiyo ulikuwa unatokwa jasho.

Mfano unaotajwa sana ni wa Mmarekani Ansel Adams. Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda milima ya Yosemite, California, kupiga picha ya jabali kubwa liitwalo Half Dome. Kwanza alitumia chujio la manjano. Kisha akafikiri kwamba anga ingetoka kijivu cha kawaida, hali yeye alilihisi jabali lile kuwa la kutisha. Akatoa la manjano, akaweka jekundu lililokolea, namba 29, akapiga kioo cha mwisho alichobaki nacho. Anga ikatoka nyeusi na jabali likasimama juu yake kama ukuta wa dunia nyingine. Nilipoiona picha hiyo kitabuni nilidhani ni usiku. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini chujio haliumbi kisichokuwako. Anga ikiwa imefunikwa na mawingu ya mvua, hakuna samawati ya kuzuiwa, na chujio jekundu ni bure tu. Vivyo hivyo na ukungu. Ule utusitusi wa samawati unaofunika milima ya mbali hupungua ukitumia la manjano au jekundu, lakini ukungu mzito wa asubuhi kule Limuru ni matone ya maji yanayotawanya rangi zote sawasawa, na hakuna chujio litakaloupenya.

Malipo yake

Kwa kuwa chujio humeza mwanga, lazima uirudishie filamu ulichoinyima. Kila chujio lina hesabu yake. La manjano la kawaida, namba 8, huhitaji mwanga mara 2, yaani hatua moja ya kamera. La machungwa ni kama mara 4, hatua mbili. Jekundu namba 25 ni mara 8, hatua tatu. Lile la Adams lilimlazimu kuongeza mara 16!

Tuseme una filamu ya 100 na jua ni kali. Bila chujio ungeweka kitundu cha lenzi kwenye 16 na kasi ya 1/125. Ukifunga la machungwa, fungua kitundu hatua mbili: kutoka 16 hadi 11, kisha 8. Kwa jekundu teremka hatua moja zaidi, 5.6. Ikiwa kamera yako hupima mwanga ndani ya lenzi, imekwisha kupima kupitia chujio, hivyo usiongeze mara ya pili. Wengi huharibu filamu hapo. Na kabla ya kununua, soma ukubwa ulioandikwa kwa milimita kwenye ukingo wa lenzi, kwa maana chujio la 52 halitaingia kwenye lenzi ya 49 hata ukilibembeleza.

Nyuso zetu

Sasa nafika kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Mnaikumbuka picha ya chama ya mwaka jana? Mpiga picha aliyeletwa alitupanga saa sita mchana kwenye kile kilima kidogo, ua wa michongoma nyuma ya migongo yetu na anga nyuma ya vichwa. Picha iliporudi, anga ilikuwa nyeupe pe, sweta zetu za rangi ya damu ya mzee zilikuwa zimeyeyukia kwenye michongoma, na nyuso zilikuwa matundu meusi yenye meno. Wenzetu wakacheka. Kisha nikamsikia mmoja akisema, na wengine wakaitikia, ati ni kwa sababu sisi ni weusi, kamera itafanya nini?

Nakataa, tena nakataa kwa hesabu. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tititi, maji ya kunde au ya Mzungu, hurudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko wa samawati. Anga ya samawati ni kinyume chake. Nimesema filamu huipenda samawati. Basi ukituweka mbele ya anga bila chujio, anga inapewa zaidi ya haki yake na uso unapunjwa. Mpiga picha naye anapima mwanga wa ile anga, anaona ni mwingi, anafunga kitundu, na uso unapunjwa mara ya pili. Hapo kosa la ngozi liko wapi?

Ukifunga chujio la machungwa, samawati ya anga inazuiwa, lakini mwanga mwekundu wa ngozi unapita. Ukiongeza zile hatua mbili, zinaufaidi uso zaidi kuliko anga. Pengo baina ya viwili hivyo linapungua, na macho, mashavu na hata mikunjo ya kicheko huonekana. Sweta nazo, kwa kuwa ni za jamii ya nyekundu, hupanda kidogo, na michongoma hushuka. (Haishuki sana. Majani mabichi yana nyekundu yake iliyofichika.) Bila shaka mpiga picha angeweza pia kutuhamisha mbele ya ukuta wa maktaba, kwenye kivuli, jambo lisilogharimu hata ndururu, na akapima mwanga wa uso badala ya wa anga. Chujio si dawa ya uvivu.

Kwa nini basi tusitumie jekundu moja kwa moja? Kwa sababu hilo hupita kiasi. Chunusi hufifia, jambo ambalo najua wengi wa kidato cha pili wangelifurahia, lakini midomo nayo hufifia, na uso hupauka kama uliopakwa unga. Kuna watu wanaopenda kutoka weupe hivyo katika picha, nami siwazuii. Kwa upande wangu, nataka mama akilifungua jarida hili anitambue bila kusoma jina. Chujio la kijani hufanya kinyume: ngozi na midomo hukolea, na kila kovu hujitokeza. Linafaa kwa picha ya mzee ambaye uso wake una habari nyingi, mradi uwe umepima mwanga vizuri.

Picha ya chama ya mwaka huu imepigwa kwa filamu ya 100, chujio la machungwa, kitundu 8, kasi 1/125, kwenye kilima kile kile na mbele ya michongoma ile ile. Nilisisitiza tusihame ili mtu aweze kuziweka picha zote mbili pamoja na kulinganisha.

Zoezi

1. Matatu nyeupe yenye mstari wa manjano imeegeshwa juani. Ni chujio gani litakaloufanya mstari upotee kabisa, na ni lipi litakaloufanya uwe mweusi?

2. Mwalimu ameandika ubaoni mweusi kwa chaki nyeupe, kisha akapigia mstari maneno muhimu kwa chaki nyekundu. Unataka mistari hiyo ionekane sawa na maandishi meupe. Utafunga chujio gani, na kitundu utakifungua hatua ngapi?

Majibu yaletwe kwenye mkutano wa chama siku ya Ijumaa. Karatasi nyekundu ninayo, atakayetaka kujaribu nitamwazima.